Kichupa Kilichoandikwa Dume

Juzi niliingia katika duka la dawa za mifugo hapa mjini Machakos kununua dawa ya minyoo ya kondoo wangu. Naishi Mumbuni, kwenye nyumba za kupangisha zilizobanana, lakini nafuga kondoo wawili nyuma ya jikoni, na jirani anayekerwa na harufu yao na akerwe. Msichana wa dukani alimimina dawa kutoka mtungi mkubwa hadi chupa ndogo, akakata kipande cha selotepu ya karatasi kwa meno, akakibandika chupani na kuchukua peni. Harufu ya spiriti, ya gundi, na ya ile dawa nyeupe ambayo uchungu wake huufikia ulimi kabla hujaionja, ikanipanda puani kwa mara moja. "Jina?" akaniuliza bila kuinua macho. Nilimtazama kwa chuki ambayo binti wa watu hakuistahili, nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, na sikuondoka mpaka nilipoona limeandikwa sawasawa.

Najua alinihesabu miongoni mwa wateja wakorofi. Ni kweli, mimi ni mkorofi mahali popote panapobandikwa jina la mtu juu ya chupa, na sababu yake nimekaa nayo tangu nikiwa mtoto wa darasa la pili. Nitakueleza wewe, maana yule msichana alikuwa na foleni.

Nilizaliwa Mwala, chini kabisa kwenye ukame, ambako mto ni mchanga karibu mwaka mzima na maji hufukuliwa kwa kata. Boma lilikuwa la babu yangu mzaa baba. Baba alifariki nikiwa mdogo kiasi kwamba namkumbuka kwa koti lake tu, likiwa limetundikwa msumarini. Tulibaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike katika nyumba ya udongo upande wa chini. Upande wa juu, kwenye nyumba ya mabati mapya, aliishi baba mdogo, Kilonzo, na katikati walikaa babu na bibi yetu, tuliyemwita Susu. Ukitaka kwenda popote ilibidi upite mbele yao, na Kilonzo alihakikisha unajua kwamba umepita mbele yao.

Mama yangu, Ndinda, alikuwa na ng'ombe mmoja. Alikuwa mwekundu, na jina lake kwa Kikamba lilikuwa hilohilo, Ndune. Huyu Ndune hakuwa wa boma. Baba yake mama alimleta kutoka Kathiani baada ya mazishi, akamfunga kwa mkono wake kwenye kigingi mbele ya mlango wetu, akasema watu wakisikia kwamba hayo ni maziwa ya wajukuu wake. Kilonzo alikuwa na swali moja alilolirudia kila alipomwona Ndune akitafuna: "Na hizo nyasi anakula ni za nani?" Aliuliza akicheka, lakini aliuliza kila siku. Susu naye alizoea kusema kwamba ng'ombe akilala bomani misimu miwili amekuwa wa boma. Methali hiyo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, na ninaamini aliitunga mwenyewe kwa ajili yetu.

Sasa kuna jambo lazima ulijue, au sivyo hutaelewa kilichotupata. Babu aliitwa Nzau, na kwa Kikamba nzau ni fahali. Kwetu mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Adabu hiyo tunaiita nthoni, haya na heshima vikiwa vimekorogwa pamoja, na mke aliyelelewa vizuri huiweka hata akiwa peke yake jikoni. Jina likiwa ni neno la kila siku, basi hata neno lenyewe humwia mwiko. Kwa hiyo mama, aliyeishi kati ya mifugo maisha yake yote, hakuweza kusema neno fahali kwa lugha yake. Akiongea Kikamba alizunguka akasema "mume wa ng'ombe", na akiongea Kiswahili alisema dume. Wake wote wa ukoo ule walifanya vivyo hivyo, na babu mwenyewe wakamwita Dume walipolazimika kumtaja. Kisimani au kanisani mwanamke akisema "kwa Dume kuna kilio", hakuna aliyedhani ng'ombe amefiwa.

Mimi kwa sababu hiyo nilikua nikijua kwamba Nzau ni mtu mmoja tu duniani. Siku moja malishoni mvulana wa jirani alinipigia kelele nikimbie, nzau anakuja. Nilisimama nikaanza kujifuta kamasi ili babu asinikute mchafu. Nilitolewa kwenye miiba nikiwa sina kiatu kimoja, na mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni moja ya mara chache ninazokumbuka akicheka katika boma lile.

Fahali aliyenirusha alikuwa wa Kilonzo. Alikuwa mweusi, mwenye nundu iliyolala upande, na watu walileta ng'ombe wao kwake kupandwa kutoka pande zote. Mama peke yake hakumpeleka Ndune. Alitembea hadi Masii kumwita mtu wa mbegu za sindano, na Kilonzo akalichukua jambo hilo kama tusi lililotamkwa hadharani. Halafu msimu ule ng'ombe wa kijiji wakaanza kutupa mimba. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, unasikia mtu amekwenda zizini alfajiri akakuta ndama asiye na manyoya amelala kwenye samadi. Watu walinong'ona juu ya nyasi, juu ya maji ya lambo, juu ya jicho la mtu. Juu ya fahali hakuna aliyenong'ona, kwa sababu Kilonzo alikuwa na sauti kubwa na kinyongo kirefu.

Ndipo ikaja kliniki ya mifugo ya kutembea. Ilikuwa pikapu nyeupe, ikaegeshwa karibu na josho la zamani lililokauka, ambalo bado lilinuka dawa ya kupe iliyokolea kwenye saruji. Nyuma ya gari walifungua meza ya kukunja wakapanga sindano, kikasha cha barafu, vichupa vya damu vyenye vifuniko vyekundu, mtungi wa dawa ya minyoo na roli ya selotepu ya karatasi. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, aliyetoka mbali, asiyejua Kikamba hata cha salamu. Alikuwa na msaidizi, kijana wa upande wa Syokimau mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Kazi ya kijana ilikuwa moja: kuandika majina. Ng'ombe aliingizwa kwenye krashi, ule uchochoro wa miti unaombana asigeuke, daktari akamtoa damu shingoni, na kijana akabandika jina kwenye kichupa. Kisha akajaza chupa ya dawa ya minyoo ya kwenda nayo nyumbani, akaibandika jina lilelile.

Kilonzo alifika mapema na fahali wake, akaruka foleni, akatamka jina lake lote kwa sauti ya mtu anayeitwa kupokea zawadi. Kijana aliandika "Kilonzo Nzau". Kilonzo akachukua chupa yake ya dawa akaenda zake. Sisi tulisubiri. Jua lilipanda, vumbi likachanganyika na harufu ya spiriti na mkojo wa ng'ombe, na mimi nilishika kamba ya Ndune huku mdogo wangu akilia mgongoni mwa mama. Zamu yetu ilipofika, Ndune aliingia krashini kwa upole kuliko watu wengi niliowaona wakiingia kanisani.

"Mathe, jina?" kijana akauliza.

"Ndinda."

"Si yako. Jina ya mwenye boma."

"Ng'ombe ni yangu. Andika Ndinda."

"Mathe, hii tape ni kadogo na watu ni wengi. Mwenye boma ni nani?"

Mama aligeuka akatazama foleni. Nyuma yake walikuwa wanawake watupu, wote wake wa ukoo uleule, wote wenye mwiko uleule. Yeyote kati yao angeulizwa angejibu vilevile. Mama akamgeukia kijana akasema, "Ni Dume." Kijana akacheka puani, akaandika DUME kwa herufi kubwa, akabandika. Wanawake wa foleni hawakuona lolote la ajabu. Kwa mtu wa kwetu hilo lilikuwa jibu kamili na la adabu. Tulirudi nyumbani na chupa yetu ya dawa, nayo imeandikwa DUME, mama akaiweka kwenye rafu ya juu mbali na mafuta ya kupikia.

Yule kijana nilimchukia tangu siku ile kwa kukataa kuandika Ndinda, na hata sasa nikikutana na mtu wa aina yake ofisini, anayemwuliza mwanamke jina la mwanamume kabla hajasikia shida yake, damu hunichemka.

Majibu yalichukua wiki chache. Hayakuletwa kwetu. Daktari alikutana na Kilonzo barabarani, akazungumza naye hapo, na Kilonzo akashuka hadi mlangoni petu akiwa ameingiza mikono mifukoni. Nilikuwa nikichambua kunde. Alisema, "Mama Mwikali, ng'ombe yako iko na ugonjwa ya kutupa mimba. Daktari amesema iuzwe ya kuchinjwa. Na maziwa msikunywe, itawamaliza." Mwikali ni mimi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kubembeleza ambayo naisikia hadi leo, kwamba ugonjwa bila shaka ulitoka Kathiani na ng'ombe mwenyewe, ila yeye hamlaumu mtu.

Kuanzia hapo tuliishi kama watu wenye ukoma. Mama alimkama Ndune asubuhi na jioni ili asivimbe kiwele, akamwaga maziwa kwenye shimo la majivu. Unajua harufu ya maziwa yanayoganda juu ya majivu ya moto, na inzi wanaokuja? Mdogo wangu alikuwa amelelewa kwa maziwa, hakuzoea uji mkavu, alilia mpaka sauti ikamkauka. Wale wote ambao ng'ombe wao walitupa mimba sasa walikuwa na mtu wa kumlaumu. Kisimani walivuta madebe yao mbali na letu. Susu alitutengea kikombe chetu, cha bati, kilichobanduka rangi, akakitundika nje. Na fahali wa Kilonzo, aliyetangazwa kuwa mzima kabisa, alizidi kuletewa ng'ombe.

Nitasema wazi kwamba nilimwombea Kilonzo mabaya. Nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili, nikijua vizuri kwamba hairuhusiwi, na nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba avunjike mguu. Mama alinisikia siku moja, akaendelea kukunja nguo.

Siku ya kumchukua Ndune daktari alikuja mwenyewe kuhakikisha kwamba ng'ombe mgonjwa hauzwi kama mzima. Alifuatana na mnunuzi, Hassan, mfanyabiashara wa mifugo Msomali aliyefahamika katika masoko yote ya upande wetu, mtu mrefu, mkimya, mwenye fimbo nyembamba. Hassan alikuwa tayari amempitisha Ndune kamba kwenye pembe. Babu alikaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba ya katikati, akinusa ugoro. Susu alikuwa akipeta maharagwe. Kilonzo alisimama kama bwana harusi.

Mama alimwendea daktari, akasimama mbele yake.

"Nisomee vile imeandikwa."

"Mama, nilishaeleza."

"Hukunieleza mimi."

Daktari alivuta pumzi, akafungua karatasi yake. Alisema boma lile lilitoa vichupa viwili. Kimoja kiliandikwa Kilonzo Nzau, na kilikuwa na ugonjwa. Kingine kiliandikwa Dume, na kilikuwa safi. "Sasa dume siku hiyo ilikuwa moja tu. Nikamuuliza huyu bwana, akaniambia dume ni yake na ile ng'ombe ingine ni ya shemeji yake. Kwa hivyo hii ya ugonjwa ni yako."

Nilimwona mama midomo ikicheza kidogo, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akaingia ndani akatoka na ile chupa ya dawa ya minyoo, akampa daktari mkononi.

"Hii mlinipatia mimi. Angalia imeandikwa nini."

"Dume," daktari akasoma. "Basi walikupatia dawa ya dume kwa makosa. Hiyo ni kitu ndogo."

Kilonzo akacheka kwa sauti. Sijasahau kicheko kile, wala sina mpango wa kukisahau.

"Daktari," mama akasema, "hiyo Dume si ng'ombe. Ni mtu."

"Mtu gani?"

Hapo boma lote likanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe ulichelewa. Nataka uelewe vizuri kwamba kila mtu aliyekuwa pale, ukiondoa daktari na Hassan, alikuwa amejua papo hapo kilichotokea. Kilonzo alijua. Pengine alijua tangu kule barabarani daktari alipomtajia neno dume, maana alizaliwa akisikia wake wa ukoo wakimwita baba yake hivyo. Hakusema uongo hata neno moja. Dume lilikuwa lake kweli, na yule mwingine alikuwa wa shemeji yake kweli. Ukweli wake huo ndio nisioweza kumsamehe, maana mwongo angalau hujisumbua kutunga.

"Baba Mumo," mama akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe kama ilivyo adabu, "mwambie daktari."

"Nimwambie nini? Mimi nilikuwa nimeenda zangu. Sijui kenye ulisema huko."

Mama akamgeukia Susu. "Mwaitu," akamwita, yaani mama. Susu alikuwa ameona punje mbovu katika ungo, akaishughulikia kwa makini makubwa.

Babu alikuwa hatua chache kutoka pale. Hakuwa kiziwi. Angesema maneno mawili tu, "Ni mimi", na mambo yangeisha, na hakuna mwiko wowote duniani unaomkataza mtu kujitaja. Alimimina ugoro kwenye kucha ya kidole gumba, akavuta, akafuta pua kwa leso.

Hassan alituangalia mmoja baada ya mwingine. Akalegeza kamba kwenye pembe za Ndune, akaketi juu ya jiwe. "Mimi nanunua ng'ombe," akasema, "sinunui kesi. Mkimaliza mtaniita." Katika watu wazima wote wa siku ile, huyo ndiye pekee ambaye sina neno naye.

Mama kwa kawaida hakumtazama babu usoni. Akizungumza naye alitazama viatu vyake vya matairi. Siku ile aliinua kichwa, akamtazama machoni, na huku bado akimtazama akamwambia daktari, "Anaitwa Nzau."

Susu aliangusha ungo akajifunika uso kwa leso yake.

"Dume ni Nzau," mama akaendelea. "Nzau ndiye huyu ameketi hapa na ugoro. Mimi ni bibi ya kijana yake, siwezi kumtaja, kwa hivyo huyo kijana yenu aliponilazimisha nilisema Dume. Sasa nimemtaja. Hiyo kichupa safi ni ya ng'ombe yangu."

Daktari alivua miwani. Unadhani aliomba radhi? Alisema, "Mama, si ungesema tu jina siku ile ile?" Ningekuwa na jiwe mkononi ningelirusha, na nilitafuta. Hata hivyo alifanya kazi yake. Aliwatoa damu upya Ndune na fahali, mbele ya kila mtu, na selotepu safari hii ilikuwa mikononi mwa mama. Hakuiachia mpaka daktari alipoandika Ndinda kwenye kichupa cha Ndune, nami nikakisoma kwa sauti kwa sababu nilikuwa nimejifunza kusoma.

Majibu yalirudi jinsi unavyodhani. Ndune alikuwa mzima, fahali ndiye aliyekuwa mgonjwa. Hassan alikuja tena na kamba yake, na mara hii alikwenda nyumba ya mabati. Daktari alisema lilikuwa kosa la kibandiko tu, akapanda gari lake. Hivyo ndivyo wanavyosema mpaka leo, kosa la kibandiko, utadhani kibandiko kina mdomo na kilikataa kuuliza. Wale waliovuta madebe yao kisimani waliyarudisha karibu na letu bila hata pole. Maziwa tulianza kunywa tena, na mdogo wangu akanenepa.

Lakini jina lilikuwa limekwisha kutajwa. Kwetu mke anayemtaja baba mkwe hutozwa mbuzi. Wazee humchinja, hula, huomba, na jambo huisha. Wanawake wa ukoo walikuja kwa mama kimyakimya kumwambia ajiandae, na mama akamfunga mlangoni mbuzi wetu jike, mweupe, niliyempenda kuliko wanasesere wote ambao sikuwa nao. Tulisubiri babu atume mtu. Siku zilipita. Wazee walipita njia wakasalimia, wakamtazama mbuzi, wakaenda zao. Babu hakudai. Hakumkemea mama, hakumsema kwa watu, hakuna lolote. Mimi nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba babu ametusamehe, na kwa muda nikampenda mzee yule, nikampelekea maji ya kunawa bila kutumwa. Mama alinisikiliza. Alimfungua mbuzi akamwacha ale.

Muda si mrefu kaka yake mama alifika kutoka Kathiani na mkokoteni wa punda. Tulipakia vitanda, sufuria na lile koti la baba, na Ndune akafuata nyuma amefungwa kamba ndefu. Hakuna aliyetufukuza. Nililia kwa kutoelewa, kwa sababu kesi tulishinda, ng'ombe tulibaki naye, na babu alikuwa ametusamehe. Nilimkasirikia mama njia nzima hadi tulipoanza kupanda vilima. Tulipopita mbele ya kigoda, babu alikuwa ameinamia kifuko chake cha ugoro, na hakuinua macho.

Leo mimi mwenyewe ni mke wa watu, na nina baba mkwe ambaye simtaji. Mama mkwe wangu, mwanamke asiye na maneno mengi, ndiye aliyenieleza upande ambao sikuwahi kuambiwa nikiwa mtoto. Mke hufungwa na nthoni, akasema, lakini mkwe naye amefungwa. Haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe, hamtamkii neno chafu, na mke huyo akionewa bomani, yeye ndiye wa kusimama kwanza, kabla mke hajalazimika kufungua kinywa. Heshima si utumwa. Inalipwa na pande zote mbili, au si heshima.

Nilipolisikia hilo, hasira niliyokuwa nayo kwa mama tangu siku ya mkokoteni ikaniisha yote, ikahamia inakostahili. Kwa miaka mingi nilidhani mama alivunja mwiko kwa ajili ya ng'ombe. Mwiko ulikuwa umekwisha kuvunjwa pale, na mtu mwingine, aliyekaa akivuta ugoro wakati maneno mawili yake yangetosha. Mama alilitangaza tu. Alimtaja babu jinsi mtu baki anavyotajwa sokoni, akimtazama machoni, naye babu, ambaye hakuwa mjinga, alisikia sawasawa alichoambiwa. Faini hutozwa mtu wa nyumbani. Ili amdai mama yule mbuzi ingempasa kwanza adai kwamba bado ni mkwe wake, na boma zima lilikuwa limeshuhudia kwamba si mkwe wake tena.